Namna ya Kugawa Kombe Moja Mara Mbili: Mwongozo kwa Kamati Yoyote ya Tuzo za Gemu

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea hongera kwa kuteuliwa kuongoza kamati. Kila Desemba, sherehe ya The Game Awards inapomalizika kule Los Angeles na kombe la Gemu Bora ya Mwaka likapata mwenyewe, ugomvi ule ule hufufuka. Wanaocheza peke yao wanasema wameonewa. Wanaocheza na wenzao wanasema wao ndio walioonewa zaidi. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao saa kumi na moja jioni ya Los Angeles hutukuta saa kumi alfajiri, tunakwenda kazini na macho mekundu, tukitetea upande ambao hatukumbuki tuliuchagua lini.

Dawa inayopendekezwa haibadiliki: tugawe. Gemu za mchezaji mmoja zipate kombe lao, za wachezaji wengi zipate lao, kila mtu aende nyumbani na chake. Ni wazo jepesi, na wazo jepesi ndilo huundiwa kamati. Mwongozo huu utakuchukua tangu kikao cha kwanza mpaka mtafaruku wa kwanza. Ukiufuata vizuri, vyote viwili vitatokea siku moja.

MAHITAJI

Ukumbi wenye kiyoyozi. Wajumbe saba, angalau wawili wawe wamewahi kushika pedi. Chai, sambusa na maji ya chupa. Fomu za posho. Bango lenye picha ya mgeni rasmi. Kombe moja. Msumeno wa chuma.

HATUA YA KWANZA: TAFUTA ALIYEDHULUMIWA

Tuzo mpya haizaliwi bila mtu wa kulia. Bahati nzuri wapo wa pande zote mbili, na vilio vyao vina tarehe.

Kwa wapenda stori, anza na 2016. Mwaka huo kombe kubwa lilichukuliwa na Overwatch ya Blizzard, gemu ya timu mbili za watu sita sita wanaopambana mtandaoni, isiyo na stori ya kucheza mwanzo hadi mwisho. Ilizipita Uncharted 4 na Inside, na wapenda stori wakauliza kombe linakwendaje kwa kitu kisicho na mwisho. Mwaka uliofuata kidonda kikatoneshwa: PUBG ikaingizwa kati ya gemu tano zilizowania kombe hilo ilhali bado ikiuzwa kama kazi isiyokamilika. Sherehe ilifanyika tarehe 7 Desemba 2017, na toleo kamili la kompyuta likatoka tarehe 20 ya mwezi huo huo. Kombe lilikwenda kwa Zelda, lakini hasira ilikuwa imeshawekewa oda.

Kwa wapenda kucheza na wenzao, toa kikokotoo. Tangu tuzo hizi zianze 2014 hadi 2025, makombe makubwa 12 yametolewa. Gemu ambazo mtu peke yake hawezi kuzicheza kama zilivyokusudiwa zimechukua mawili: Overwatch, kisha It Takes Two mwaka 2021. Kumi yaliyobaki yamekwenda kwa gemu ambazo mtu anaweza kujifungia nazo chumbani hadi majina ya watengenezaji yapite kwenye skrini: The Witcher 3, God of War, Sekiro, Astro Bot na nduguze.

Sasa una wahanga wa kutosha, na uchunguzi zaidi utaharibu. Onyo moja tu: kuna watu ambao Jumatatu hadi Ijumaa hucheza God of War, na Jumamosi huingia Fortnite na binamu zao. Watu wa namna hii ni hatari kwa kamati. Wasialikwe.

HATUA YA PILI: HESABU VICHWA

Piga mstari katikati ya ubao. Kushoto andika Mmoja, kulia andika Wengi. Waanzishe wajumbe na zoezi jepesi, ile orodha ya waliowania kombe la 2016: Doom, Inside, Overwatch, Titanfall 2 na Uncharted 4.

Inside iende kushoto, maana kuna mtoto mmoja anayekimbia gizani na hakuna wa kumshika mkono. Overwatch iende kulia. Zimebaki tatu. Titanfall 2 ina kampeni ya mtu mmoja iliyosifiwa sana na wahakiki, na ina mapambano ya mtandaoni. Doom vivyo hivyo. Na Uncharted 4, ile iliyodhulumiwa katika Hatua ya Kwanza, shujaa wa wapenda stori, ilitoka na sehemu yake ya kupigana na wengine mtandaoni. Katika gemu tano, mbili zimepata makazi na tatu zimekaa juu ya mstari. Waambie wajumbe wapumzike, wanywe chai.

Baada ya chai mambo huwa mazito. Chukua Elden Ring, mshindi wa 2022. Mtu huicheza peke yake mamia ya saa, akifa na kufa tena. Lakini ardhini amekuta ujumbe ulioachwa na wachezaji wengine, amekuta madoa ya damu yanayomwonyesha walivyokufa, na akizidiwa anaweza kumwita mgeni aje kumsaidia, au akavamiwa na mgeni aliyekuja kumuua. FromSoftware walianza mtindo huo katika Demon's Souls mwaka 2009. Hidetaka Miyazaki, aliyeiongoza, amesimulia kuwa wazo lilimjia baada ya magari kukwama kwenye mlima wenye theluji: watu wasiojuana wakasukumana hadi juu, kisha kila mmoja akashika njia yake, maana ukisimama kushukuru unakwama tena. Je, Miyazaki siku ile alisafiri peke yake? Kamati ijibu ndiyo au hapana.

Halafu kuna Death Stranding ya 2019, ambamo humwoni mchezaji mwingine hata mmoja, lakini unavuka genge kwa ngazi aliyoiacha mtu usiyemjua. Kuna Journey ya 2012, inayowakutanisha watu wawili jangwani bila majina na bila njia ya kusemezana zaidi ya mlio mmoja. Majina ya uliosafiri nao huonyeshwa mwishoni kabisa, safari ikiwa imekwisha. Wajumbe wakiuliza vichwa hivi vihesabiwe wapi, funga kikao kwa sababu ya muda. Posho isainiwe mlangoni.

HATUA YA TATU: ANDIKA KANUNI

Kanuni zinazopatikana sokoni ni nne. Zote zimejaribiwa, kwa hiyo huna haja ya kubuni kosa jipya.

Kanuni A inasema: gemu yoyote inayoweza kuchezwa na zaidi ya mtu mmoja ni ya wachezaji wengi. Safi kabisa. BAFTA ya Uingereza, yenye kipengele cha wachezaji wengi, imeshakuonyesha inakoelekea. Mwaka 2023 kipengele hicho kilichukuliwa na Elden Ring, yule yule mpweke wetu. Mwaka 2024 kikaenda kwa Super Mario Bros. Wonder, gemu ambayo mtoto anaweza kuimaliza sebuleni bila kumwita dada yake. Hakuna aliyeiba, zote mbili huchezwa na watu kadhaa. Ila wale waliokesha studio wakipanga namna watu kadhaa wasiojuana watakavyokaa seva moja bila kutukanana, ambao kipengele hiki kilianzishwa kuwalinda, walibaki kupiga makofi.

Kanuni B inageuza meza: gemu yoyote inayoweza kumalizwa na mtu mmoja ni ya mchezaji mmoja. Hii nayo inapendeza, mpaka Baldur's Gate 3 ibishe hodi. Inamalizwa na mtu mmoja, na pia inachezwa na watu hadi wanne kwa pamoja. Mwaka 2023 The Game Awards ziliipa kombe kubwa, na usiku huo huo zikaipa tuzo ya gemu bora ya wachezaji wengi. Hili litafakari kwa makini, Mwenyekiti. Umelikata kombe vipande viwili, na vipande vyote viwili vimepanda ndege moja kwenda Ubelgiji kwa Larian.

Kanuni C inapendwa na wahasibu: tupime sehemu gani ina muda mwingi zaidi. Hapo utaihitaji Call of Duty, ambayo karibu kila mwaka hutoka na kampeni ya mtu mmoja na uwanja wa vita wa mtandaoni usioisha. Mwaka 2022 mwigizaji Christopher Judge alipanda jukwaa la The Game Awards kupokea tuzo akashukuru kwa takriban dakika nane. Mwaka uliofuata alirudi jukwaani akatania kwamba hotuba yake ile ilikuwa ndefu kuliko kampeni ya Call of Duty ya mwaka huo. Mhasibu wako aamue utani huo unaanzia asilimia ngapi.

Kanuni D ndiyo ninayoipendekeza kwa kamati iliyochoka: kampuni ijichagulie yenyewe. Itapima pande zote mbili, itaangalia wapi washindani ni dhaifu mwaka huo, kisha itaandika barua yenye nembo ikieleza kwamba gemu yake, tangu ilipotungwa, roho yake imekuwa upande huo.

HATUA YA NNE: AMUA GEMU ILITOKA LINI, NA KAMA BADO IPO

Gemu ya stori ikitoka imetoka. Gemu ya mtandaoni hutoka, hubadilishwa, husahauliwa, kisha siku moja hufufuka bila kuomba ruhusa ya kamati.

Among Us ilitoka 2018 na karibu hakuna aliyegeuka kuitazama. Ikaja korona, watu wakafungiwa majumbani, wakaanza kutafutana wachawi ndani ya chombo cha anga, na mwaka 2020 The Game Awards zikaipa tuzo ya wachezaji wengi na ya gemu ya simu. Gemu bora ya wachezaji wengi ya mwaka ilikuwa na umri wa miaka miwili. Fortnite ilianza Julai 2017 kama gemu ya kujenga ngome na kupambana na mazombi. Ile ya watu 100 unayoijua iliongezwa Septemba. Ikachukua tuzo mbili mwaka 2018, na lebo ya kutokamilika haikubanduliwa kwenye ile ya mazombi hadi katikati ya 2020.

Utasema: hizo tuziwekee kipengele cha gemu zinazoendelezwa. Kipo. Mwaka 2023 kilichukuliwa na Cyberpunk 2077, gemu isiyo na nafasi ya mtu wa pili hata kwa dawa, kwa sababu watengenezaji wake walitumia miaka mitatu kutengeneza walichokiuza kikiwa kibovu Desemba 2020.

Kisha kuna suala la vifo. Seva za Overwatch ile iliyobeba kombe la 2016 zilizimwa Oktoba 2022 kupisha Overwatch 2, iliyotoka na timu za watu watano badala ya sita. Anayetaka leo kuhakiki kama majaji walikosea hana jalada la kufungua. Inside, iliyoshindwa, ipo na inachezeka kama siku ya kwanza. Concord ya Sony iliingia sokoni tarehe 23 Agosti 2024 na kuondolewa tarehe 6 Septemba, watu wakarudishiwa pesa zao. Kamati yako itachukua muda mrefu zaidi ya huo kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita.

Usidhani upande wa kushoto wa ubao uko salama. The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, ilihitaji seva hata kwa aliyeendesha peke yake usiku kucha bila kumpigia mtu honi. Ubisoft ilipozima seva tarehe 31 Machi 2024, mpweke huyo naye akafungiwa nje. Kadhia hiyo ndiyo iliyozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja mwaka 2025. Gemu hiyo iandikwe kushoto au kulia? Pendekezo langu ni iandikwe juu ya ubao, kama marehemu.

HATUA YA TANO: TEUA MAJAJI

Hapa tafadhali usikosee, kwani ukiteua majaji wazuri kazi yote ya hatua nne zilizopita itaonekana haikuhitajika.

Katika The Game Awards, kura za majaji hubeba asilimia 90 na za wananchi asilimia 10. Majaji ni vyombo vya habari zaidi ya mia kutoka nchi mbalimbali. Mwandishi wa gemu ni mtu mwenye kazi nyingi. Gemu humfikia kabla ya siku ya mauzo, tarehe ya kuchapisha uhakiki ikiwa imepangwa, naye hujifungia nayo ndani. Kwa gemu ya stori mpango huu haudhuru kitu: anachokiona yeye Jumanne ndicho utakachokiona wewe Ijumaa. Mwisho upo, anaufikia, anaandika.

Kwa gemu ya wachezaji wengi, mtu huyo amealikwa kuhukumu harusi kwa kutazama ukumbi asubuhi, viti vikiwa bado vimepandana. Seva ziko tupu, au zimejaa waandishi wenzake na watengenezaji wenyewe, watu wenye adabu na intaneti nzuri. Hajakutana na mtoto wa miaka kumi na mbili anayemtukania mama kwenye kipaza sauti. Hajaona tapeli anayelenga kupitia ukutani. Hajaona gemu ikiwa na foleni ya dakika arobaini, wala ikiwa imehamwa. Na kuna jambo la umbali: gemu nyingi za ushindani seva zake za karibu nasi ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini. Jaji wa Frankfurt na kijana wa Mwanza mwenye bando la wiki wamenunua gemu yenye jina moja. Wa kwanza anapiga risasi na adui anaanguka, wa pili anapiga risasi na kupokea taarifa kwamba alishakufa kitambo.

Angalia pia It Takes Two. Haichezeki bila mtu wa pili, na Hazelight waliliona tatizo: anayeinunua anaweza kumwalika mwenzake acheze naye bure mtandaoni. Maana yake, ili jaji atimize wajibu wake, lazima awe na rafiki. Hakuna kamati duniani iliyowahi kuweka sifa hiyo kwenye tangazo la kazi.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa mwongozo huu, teua majaji wa aina mbili. Wa kombe la Mmoja wawe watu wasiopokea simu. Wa kombe la Wengi wawe watu wenye ndugu wengi, na bajeti iongezwe kifungu cha posho ya rafiki. Jaji mwenye sifa zote mbili ni yule yule wa Hatua ya Kwanza. Tulishakubaliana asialikwe.

HATUA YA SITA: PANGA RATIBA YA USIKU WENYEWE

Umepata makombe mawili yaliyo sawa. Lipi litatolewa mwisho?

Usilijibu swali hili kwa haraka, maana hapa ndipo usawa wote hufia. Kombe la mwisho ndilo hupigiwa muziki wa okestra, ndilo huandikwa kwenye maboksi ya gemu madukani, ndilo mgeni rasmi hulishika. Lililotangulia hutolewa wakati watu wanatafuta viti vyao. Ukiyatoa yote mawili kwa mpigo, majina ya washindi wawili yatasomwa kwa sauti moja na hakuna atakayesikia.

The Game Awards zimeshagawa nusu, kimya kimya. Tuzo ya wachezaji wengi ipo tangu miaka yao ya mwanzo. Ya mchezaji mmoja haipo, na hakuna aliyewahi kuandamana kuidai, kwa kuwa mpenda stori anajua kombe kubwa humjia karibu kila mwaka bila kuitwa. Na mgawanyo huo haukumzuia mtu kuchukua vyote: Overwatch mwaka 2016, It Takes Two mwaka 2021 na Baldur's Gate 3 mwaka 2023, zote ziliondoka na kombe kubwa pamoja na hilo la wachezaji wengi. Ukianzisha tuzo ya Mmoja, miaka mingi utakuwa unampa mshindi yule yule kombe la pili lenye jina tofauti, naye atakosa maneno ya kushukuru upya.

Maneno yenyewe hayana nafasi. Vipengele vinakaribia 30, na vingi husomwa harakaharaka kati ya tangazo na tangazo. Mwaka 2023 washindi walipewa nusu dakika hivi kabla skrini iliyo mbele yao haijawaomba wamalizie. Kila kipengele utakachoongeza kitamwibia mwingine sekunde kadhaa. Ukigawa vya kutosha, mshindi atabaki na muda wa kusema "Asa".

Atatokea mjumbe wa kusema wapenda ushindani wasihurumiwe, wana makombe yao ya pesa. Ni kweli: mashindano ya dunia ya Dota 2 mwaka 2021 yalikuwa na zawadi zilizozidi dola milioni 40. Mkumbushe tu kwamba pesa hizo zilikwenda kwa waliocheza. Aliyekaa miaka kadhaa akipima upanga huu ukate kiasi gani na kinga ile izuie kiasi gani, ili watu kumi wasioaminiana wapate pambano la haki, hakuwemo kwenye mgao. Kisha endelea na ajenda kabla hajajibu.

HATUA YA SABA: JIANDAE KWA MJUMBE MKOROFI

Katika kila kamati kuna mzee mmoja anayekaa nyuma, asiyegusa sambusa. Atanyoosha mkono mwishoni, na atasema haya.

Atasema gemu za video za mwanzo zinazokumbukwa sana hazikuwa za mpweke chumbani. Tennis for Two ya mwaka 1958, iliyotengenezwa kwenye maabara ya Brookhaven huko Marekani, ilihitaji watu wawili. Spacewar! iliyoandikwa MIT mwaka 1962 ilihitaji watu wawili. Pong ya Atari, mwaka 1972, iliwekwa kwenye baa ikiwa na vifundo viwili vya kuzungusha na haikuwa na akili ya kushindana na mtu aliyekuja peke yake. Upweke ulienea baadaye, mashine zilipojifunza kutupiga.

Kisha ataingia kwenye vibanda vya gemu vya mitaa yetu. Atauliza: kijana anapocheza misheni ya GTA San Andreas, pedi iko moja, mhusika ni mmoja, na nyuma yake wamesimama tisa wakipiga kelele apite kushoto, aache gari, akimbie polisi, na akifa pedi inakwenda kwa mwingine, hapo wachezaji ni wangapi? Gemu ile ile, studio moja, diski moja, ni ya mpweke Stockholm na ya watu kumi Manzese. Nani aliyeibadilisha?

Hakuna kanuni ya kumjibu mzee huyu. Desturi ni kumteua aongoze kamati ndogo ya kulichunguza suala lake, na kamati ndogo isikutane.

YATOKANAYO

Mwenyekiti, ukifika hapa na kamati bado ipo, nitakwambia ukweli ambao mwongozo haukutakiwa kuwa nao. Usigawe.

Malalamiko ya pande zote mbili yana msingi, lakini hayatokani na upungufu wa makombe. Yanatokana na namna tunavyohukumu. Gemu yenye mwisho inampendelea jaji aliye peke yake mwenye tarehe ya kukabidhi kazi. Gemu inayoishi kwa watu inahitaji watu na inahitaji muda, na jaji huyo hana hata kimoja. Ukiikatia kombe lake pembeni, bado itahukumiwa na mtu yule yule, katika chumba kile kile, kabla wageni hawajafika. Na idadi ya vichwa haikwambii gemu ni ya aina gani: imeshindwa kuigawa orodha ya gemu tano za mwaka mmoja.

Kombe kubwa libaki moja, na lishindaniwe na wote. Kipengele cha wachezaji wengi kibaki, lakini kanuni yake iseme wazi kinachotuzwa: ubuni wa namna watu wanavyokutana ndani ya gemu, uwe ni ngazi iliyoachwa gengeni au pambano la watu mia. Kwa kipimo hicho Elden Ring ina haki ya kuingia, na itabidi ieleze kwa nini. Gemu ya mtandaoni isipigiwe kura mpaka iwe imekaa na umma miezi kadhaa, hata kama itavuka kwenda orodha ya mwaka unaofuata. Majaji wacheze kwenye seva zile zile zinazotumiwa na wateja, kutoka miji wanakoishi wateja, pamoja na ile yenye intaneti ya kusuasua. Na kampuni inayopokea tuzo iahidi kwa maandishi kwamba itakapozima seva itaacha njia ya gemu kuendelea kuchezwa, ili kizazi kijacho kiweze kutukosoa.

Nawe msomaji unayengoja Desemba ili ulalamike, kabla ya hapo mtafute mtu mmoja anayecheza gemu unazozidharau. Kaa naye, mcheze yake, kisha mcheze yako. Halafu upige kura, maana asilimia kumi ni yetu, na wengi wetu tunaidai haki bila kuitumia.